Siku Shangazi Alipoulizia Kazi ya Mwanangu

Mimi nilisoma darasa la pili na nusu. Ile nusu ilikatwa na vita, na sikurudi kuidai. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta hapa maneno ya chuo. Nyumba yangu ya Louisville nimeinunua kwa mikono hii, gari langu kubwa la kubebea familia nimelinunua kwa mikono hii, na watoto wangu wote wanaongea Kiingereza kinachonipita juu ya kichwa kama kunguru. Nikisema jambo, nalisema kama nilivyoliona.

Basi jambo ni hili: mwaka jana mwanangu wa tatu alikaribia kukosa mke kwa sababu ya akili bandia.

Kijana alikuwa amempata binti wa Buffalo, kwenye mkutano wa kwaya. Wazazi wa binti ni Warundi kama sisi, wamekula mahindi ya njano ya kambini Kigoma kama sisi, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kuuliza. Baba yake yuko kiwandani Tonawanda, wanakaa North Buffalo, watu wa kusali. Binti mwenyewe anahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, na alipokuja kutuona aliosha vyombo kabla hajaambiwa. Mke wangu alianza kumwita binti huyo mwanangu siku hiyohiyo. Mimi nilijifanya nafikiri kwanza, maana baba lazima ajifanye anafikiri.

Kilibaki kitu kimoja: shangazi.

Kwetu binti haolewi bila shangazi yake. Baba anaweza kusema ndiyo mpaka sauti imkauke. Kama dada yake hajasema ndiyo, nyinyi mliokuja kuomba lango, yaani kuposa, mtakunywa soda zenu na kurudi mlikotoka. Na huyu shangazi, dada mkubwa wa baba wa binti, hakuwa mahali pa kuendea na mfuko wa mchele ukabembeleza. Alikuwa Ubelgiji. Alitangulia huko zamani na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki, na mpaka leo anafanya kazi kwenye ghala la kupanga vifurushi, ghala ambalo aliniambia ukisimama mlango huu humtambui mtu aliyesimama mlango ule.

Akaomba kuongea na mimi kwa simu. Tukaamkiana, tukaulizana afya, tukamshukuru Mungu kwa mvua ya kwake na jua la kwangu. Halafu akaniuliza kijana wangu anafanya kazi gani. Nikamjibu kwa sauti ya kujivuna kwamba anaendesha foklifti Jeffersontown, katika ghala kubwa, na hajawahi kuangusha mzigo.

"Foklifti yenye dereva?" akauliza.

"Kwani kuna isiyo na dereva, dada?"

Nilicheka peke yangu. Yeye akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kwao magari ya kubeba mizigo yanatembea yenyewe. Yakikutana na mtu yanasimama, yanamngoja apite, kisha yanaendelea, yana adabu kuliko mashemasi. Akasema hawezi kumtoa mtoto wa kaka yake kwa kazi ambayo kesho haipo. Atakuja mwenyewe Buffalo siku ya kuomba lango, atauliza swali lake mbele ya watu, na jibu atakalolipata ndilo litakaloamua.

Nilipokata simu mke wangu akaniuliza amesemaje. Nikamwambia tumepata mkwe mwenye swali.

Kuanzia hapo tukawa tunaongea kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni nilimpigia ili nimlainishe. Baadaye, sifichi, nilimpigia kwa sababu alikuwa na habari tamu. Ghala lao lilikuwa limetangaziwa kwamba akili bandia inakuja kwa nguvu zaidi, na chama chao cha wafanyakazi kikawakusanya kantini, kikamuuliza kila mmoja anatarajia nini. Kila mmoja. Wanapewa na kahawa. Mimi nilikuwa nasikiliza hayo nikichambua mboga za lengalenga za bustani yangu, simu nimeiegemeza kwenye bakuli.

Kulikuwa na Mpolandi wa zamu yake ambaye aliingojea mashine kama mtu anayengoja mvua. Mgongo wake umeisha kwa kuinua vifurushi, na alitarajia siku ikija mashine iinue, yeye aangalie tu, kikombe mkononi. Kulikuwa na mama mmoja Mbelgiji aliyekaribia pensheni. Huyo hakuipinga, aliomba tu iwe na mguu mzito, ifike yeye akiwa ameshaondoka. Mmoroko wa usafi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Walishaletewa mashine ya kufagia yenyewe, ikakwama chini ya ngazi, na yeye ndiye anayeivuta kila asubuhi kama mbuzi mkaidi, kwa hiyo kwa hesabu zake kazi imeongezeka. Waliokuwa na macho mekundu ni vijana wa ofisini, hasa yule aliyekuwa akipanga zamu, maana zamu sasa inapangwa na kompyuta na yeye amebaki kuizunguka meza. Wakubwa waliwaahidi mafunzo. Wengine wakaamini, wengine wakasema wanataka sheria kwanza, mafunzo baadaye.

Nikamuuliza, na wewe dada ulisema nini?

Kumbe wao huvaa kidude mkononi, na kidude ndicho kinachowaambia nenda kulia, nenda kushoto, umechelewa.

"Siogopi kwamba itanifukuza, mzee," akasema. "Naogopa itakuwa bosi wangu. Bosi asiyekula mchana hajui njaa ya mwenzake."

Nilicheka mpaka lengalenga zikamwagika. Lakini usiku nililifikiria lile neno, na nikalinganisha na sisi huku. Nilipofika Louisville kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukunja maboksi, hapohapo Jeffersontown. Nilikunja mpaka mikono ikawa inakunja usingizini, mke wangu ni shahidi, shuka zote zilikuwa na kona nne. Jumatatu moja tukakuta mashine imekaa mahali petu, imefunikwa nailoni kama bibi harusi. Hakuna aliyetuuliza tunatarajia nini. Hakuna kahawa. Meneja alionyesha kidole tu: nyinyi hamieni kule. Nikahamia kule. Kule nako ikaja nyingine, nikahamia upande wa pili, mpaka nikajifunza ghala zima kwa kufukuzwa. Ndiyo maana nikamwambia shangazi kwamba kwao mashine inapiga hodi, kwetu inaingia na viatu. Akalipenda hilo, akasema atalipeleka kantini.

Mara moja tu aliniambia kitu kisichochekesha. Mumewe, kabla hajafa, alikuwa katika kiwanda cha matairi kilichobadilisha mitambo, akarudishwa nyumbani. Ndugu wa kiume wa huyo mume wakaacha kuja kuwaona. Walipompigia simu walikuwa wakimwita mgeni wa sofa. Aliyasema hayo haraka, kisha akaniuliza habari za hali ya hewa. Mimi, kichwa changu kigumu, nikamjibu habari za hali ya hewa.

Nilimwita kijana wangu nikamuuliza kazi yake ikoje hasa. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba nitulie. Nikamwambia nitatulia kaburini, jibu kwa lugha ya mama yako. Ndipo akasema kweli: mwaka huu au ujao foklifti za kujiendesha zitaingia ghalani kwao pia. Baadhi ya madereva watafundishwa kuzisimamia, ameshaomba kufundishwa, ila hajui kama watamchukua. Nilimtazama nikaona hapati usingizi, na mimi nikapenda hivyo. Kijana anayelala fofofo wakati nyumba inavuja simpeleki kwa watu.

Lakini mke wangu aliogopa. Alikuwa ameshakata vitambaa vya sherehe. Alisema tukimkosa binti huyu kwa ajili ya foklifti, hatanisamehe, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

Tukaondoka Ijumaa alfajiri, gari limejaa watu na masufuria, sombe ya majani ya muhogo, sambusa na ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaangwa wakanukia njia nzima. Columbus tukampitia msemaji wetu. Hapa nieleze. Siku ya kuomba lango baba wa kijana hafungui mdomo. Anakaa mbele amevaa suti, kama picha ukutani, na anayemsemea ni msemaji. Hiyo ndiyo heshima yetu. Baba akisema mwenyewe, ni kama amekuja kujinadi sokoni, na upande wa pili wana haki ya kumtoza faini wanayotaka. Msemaji wetu alikuwa mzee mwenzangu wa kambini, mwalimu wa kwaya, mtu mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kazi yake ni kuosha ndege za watu kwenye uwanja wa ndege wa Columbus, lakini mpe kipaza sauti uone.

Alipopanda garini akanigeukia. "Wewe kesho kazi yako ni moja tu. Kunyamaza."

"Kazi hiyo hajawahi kuajiriwa," akasema mke wangu kutoka nyuma, na gari zima likacheka mpaka Cleveland.

Kesho yake tukaingia ukumbi wa kanisa, kaskazini mwa Buffalo. Wakwe walikuwa wamepamba vizuri, siwezi kudanganya. Katikati waliweka mtungi mkubwa wenye mirija mirefu, kama desturi, ila sisi ni watu wa wokovu, kwa hiyo ndani badala ya pombe kulikuwa na juisi ya nanasi. Anayekubaliana na jambo anainama, anachukua mrija, anakunywa na wenzake. Asiyekubali anauacha mrija wake umelala.

Shangazi alikuwa amekaa mbele, mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye simu, kitambaa kimefungwa begani kwa fundo la kinamama wa kwetu. Mrija wake umelala. Alinitazama mara moja, akanipa nusu ya tabasamu, nusu nyingine akaibakiza.

Msemaji wetu akasimama. Akasema tumetoka mbali, tumefuata harufu ya ua, tumefika kwenye lango la watu wenye heshima, miguu inauma lakini moyo umepona. Watu wakapiga vigelegele. Msemaji wao akajibu kwamba maua hapa ni mengi na baridi ya Buffalo ni kali, je, mnalijua ua mnalolitaka? Basi wakarushiana maneno hivyo, vizuri kabisa, na mimi nikanyamaza vizuri kabisa.

Kisha shangazi akainua mkono. Ukumbi ukatulia.

Aliuliza kijana wetu anafanya kazi gani, ingawa alijua. Msemaji akajibu. Akauliza siku gari litakapojiendesha lenyewe, itakuwaje? Msemaji akasema kijana wetu ni hodari, ana mikono ya dhahabu, atafundishwa kusimamia hizo mashine, na huenda siku moja akawa bosi wa mashine zote za Kentucky. Watu wakapiga makofi. Shangazi hakugusa mrija. Akauliza tena, na wasipomchukua kufundishwa? Msemaji akafungua Biblia ya kichwani mwake, akatoa ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna. Ilikuwa nzuri, hata mimi iligusa moyo wangu. Shangazi akangoja makofi yaishe.

"Siulizi mashine itafanya nini," akasema. "Hilo hata kwetu wenye suti hawalijui. Wenzangu kule kila mtu ana lake analolitarajia, na hakuna hata mmoja anayejua. Nauliza nyinyi. Siku kijana huyu akirudishwa nyumbani mchana, mkono mtupu, nyinyi mtafanya nini?"

Hilo halikuwa kwenye maneno aliyoyaandaa msemaji wangu. Nikamwona mwanangu ameinamisha kichwa, shingo imelowa jasho, na upande wa pili binti yule amefumba macho kama mtu anayeomba. Na mimi ndipo nikakumbuka mgeni wa sofa. Wiki zote zile nilidhani mama huyu anahofia foklifti.

Nikasimama.

Mke wangu alinivuta koti. Koti ni langu, nililinunua mwenyewe, likavutika lakini mimi sikuvutika.

"Dada," nikasema, "akirudishwa mchana, mchana huohuo atakula. Jikoni kwangu kuna kiti karibu na dirisha. Nilikikalia mimi nilipofukuzwa na mashine ya maboksi, na mke wangu alinipa chakula kilekile alichonipa nilipokuwa na kazi, chumvi ileile. Kesho yake nitamwamsha twende bustanini. Akichelewa kuamka nitammwagia maji. Lakini mtu yeyote wa nyumba yangu, awe ndugu yangu, awe mimi, atakayemwita jina baya mbele ya mtoto wako, huyo ndiye atakayetoka. Kijana hatoki."

Mahali fulani mtoto akaangusha chupa.

Halafu msemaji wao akaruka juu kama aliyekanyaga moto. Baba wa kijana amesema. Baba wa kijana amesema kwa kinywa chake mwenyewe. Ukumbi ukalipuka, watu wanacheka, wanapiga meza, msemaji wangu amejifunika uso kwa kipaza sauti, mke wangu ananiambia kwa Kirundi maneno ambayo siyaandiki. Wakwe wakaanza kubishana faini iwe nini. Mmoja akataka mbuzi, na mbuzi Buffalo ni shughuli. Mwingine akataka nicheze ngoma. Baba wa binti akasema haki ya kuhukumu ni ya aliyeuliza swali.

Shangazi akanipima kutoka kwenye kiatu mpaka kwenye tai.

"Avae aproni," akasema. "Leo kazi ya kugawa vinywaji kwenye ukumbi huu ni yake. Tuone kama kuna mashine itakayomnyang'anya."

Waliileta aproni ya jikoni, ina picha za limau. Nikaivaa juu ya suti. Nimepita ukumbi mzima nikigawa soda, mimi mzee mwenye wajukuu, na kila meza ilikuwa na neno. Kijana huyu anaendesha wapi, kasi imekuwa ndogo. Ana adabu, amesimama tupite. Aulizwe kama ana betri. Wazee wenzangu waliagiza mara mbilimbili makusudi, wengine soda ya chungwa, nikileta wanasema walitaka ya limau. Mwanangu alitaka kuja kunisaidia, nikamfukuza, kazi nimeipata mwenyewe. Msemaji wangu nilimhudumia mwisho kati ya wazee wote, soda ya moto, bila barafu.

Na nisiwafiche: sijawahi kufurahia kazi kama ile tangu nije Amerika.

Nilipofika kwa shangazi nilikuwa nimebakiwa na chupa moja. Akaikataa. Akaniomba nimpe mrija wake, uliokuwa umelala mezani muda wote huo. Nikauinua, nikaufuta kwa aproni ya limau, nikampa kwa mikono miwili. Binti aliona kabla ya watu wengine. Alipiga kigelegele kimoja chembamba, na baada ya hapo sikusikia tena mtu anasema nini.

Shangazi alikuwa bado ameushika mrija. Akanivuta karibu, maana kelele zilikuwa nyingi.

"Na siku ikinifukuza mimi, bamkwe?"

Bamkwe. Mpaka hapo alikuwa akiniita mzee tu.

"Jikoni kwangu kuna viti viwili," nikamwambia.

Akainamia mtungi, akavuta juisi mpaka mtungi ukakoroma.

Harusi ilikuwa masika yaliyofuata. Foklifti ya mwanangu mpaka leo ina dereva, ya kesho sijui, naye hajui, na kule Ubelgiji hawajui, ingawa wameshakutana kantini mara nyingine. Shangazi ananiambia Mpolandi ameletewa mashine ya kuinua na sasa analalamika miguu kwa kusimama. Mimi nimenunua kiti cha pili. Kile nilichomwahidi shangazi Buffalo hakikuwepo, nilikisema tu, na mke wangu alinipeleka dukani Jumatatu ileile.